Koo la Mwigizaji

Kuna dakika 11 na ushei za santuri ambazo nimezisikiliza mara nyingi kuliko hotuba ya rais yeyote. Ni Aprili 1959, katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, na Harry Belafonte anaimba "Matilda". Wimbo wenyewe hauna makuu: bwana mmoja analalamika kwamba mwanamke amebeba akiba yake yote na kutokomea nayo Venezuela. Ukiuimba tu kama ulivyo, dakika nne ni nyingi. Belafonte anaushika kama mvuvi ashikavyo mshipi wenye samaki mkubwa, mara aulegeze, mara auvute. Kwanza anawafundisha watu kiitikio. Kisha anaanza kuwagawa: hawa waimbe peke yao, wale wa roshani za juu wajibu, halafu wanawake waliovuka miaka 40, hao tu, wengine kimya. Ukumbi unaangua kicheko. Hapo ndipo mahali pa kutega sikio. Hana haraka na kicheko kile. Anakiacha kipande, kianze kushuka, na kabla hakijazimika anaupitisha wimbo chini yake, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Mjomba wangu alikuwa fundi redio, na santuri hiyo aliipata kwa mteja aliyeshindwa kulipa pesa ya matengenezo. Alinifunza kuisikiliza nikiwa na umri wa kumshikia koleo na kupuliza moshi wa lehemu usiniingie machoni. "Mjomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "usisikilize anavyoimba. Sikiliza anavyonyamaza." Ilinichukua miaka kumwelewa. Nilikuwa nangoja ile sauti kubwa ya kupasua glasi, nayo haiji. Koo la Belafonte lina ukwaruzo, halina upana wa ajabu, na sehemu za juu linafika likiwa limechoka kidogo. New York hiyo hiyo ilijaa watu wenye koo bora kuliko lake. Lakini huyu alikuwa mwigizaji. Wimbo aliuvaa kama vazi la mhusika, akafunga vifungo vyote, ndipo akafungua kinywa.

Na kwenye uigizaji aliingilia mlango wa uani. Alizaliwa Harlem tarehe 1 Machi 1927. Mama yake alikuwa Mjamaika aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, na miaka kadhaa ya utoto wake ilipita Jamaica kwa jamaa za mama. Shule aliiacha njiani. Akaingia jeshi la majini Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, akatoka, akawa msaidizi wa mtunza jengo: kufagia ngazi, kutoa taka, kurekebisha kilichoharibika. Siku moja alikwenda kutengeneza mapazia ya vibao kwa mpangaji mmoja, Clarice Taylor, ambaye alikuwa mwigizaji. Bakshishi aliyopewa ilikuwa tiketi za mchezo wa American Negro Theatre. Mchezo ulipokwisha, kijana hakutaka kuondoka. Alirudi baadaye kuomba kazi yoyote, hata ya kubeba na kupanga vifaa vya jukwaani.

Huko ndiko alikokutana na Sidney Poitier, kijana aliyekulia Bahamas, mdogo kwake wa sura lakini mkubwa kwa siku tisa. Wote wawili walikuwa hohehahe. Wakitaka kuona mchezo wa Broadway walinunua tiketi moja. Mmoja aliingia sehemu ya kwanza. Wakati wa mapumziko alitoka, akamkabidhi mwenzake kile kipande cha tiketi, na papo hapo barabarani akamhadithia yote yaliyopita ili ajue anaingilia wapi. Mimi naona hakuna chuo cha uigizaji kilichopata kubuni zoezi bora kuliko hilo. Una dakika chache, una mtu mmoja mbele yako, baridi inakupiga, na lazima umjengee jumba zima kwa maneno: nani kamkosea nani, nani amekaa kwa hasira, nani anaficha barua. Ukirefusha, pazia linafunguliwa. Ukifupisha sana, mwenzako anapotea. Miaka kumi na zaidi baadaye, Belafonte anaposimama mbele ya kipaza sauti na kusema sentensi mbili tatu kabla ya wimbo, namwona bado yuko barabarani na kile kipande cha tiketi mkononi.

Kuna kisa kingine cha wawili hao ambacho Belafonte alikitania hadi uzeeni. Katika mchezo wa "Days of Our Youth" yeye ndiye aliyekuwa na nafasi, na Poitier alikuwa mwigizaji wa akiba. Usiku mmoja Belafonte hakuweza kufika kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kutoa taka za jengo. Poitier akapanda badala yake, na usiku huo huo alikuwapo mwongozaji wa Broadway, akampenda, akamchukua. Sinema tulizokuja kuziona wote duniani, alisema Belafonte kwa utani, zilisimama juu ya mapipa ya taka.

Kwa msaada wa serikali kwa askari waliorudi vitani alisoma kwenye karakana ya tamthilia ya Mjerumani Erwin Piscator, darasa moja na Marlon Brando. Aliyekuwa na ngozi kama yake aliweza kusoma Shakespeare mpaka akakariri, lakini akimaliza hakuna aliyemwita. Ndipo muziki ukaingia, tena kwa njia ya tamthilia: katika mchezo wa shule wa "Of Mice and Men" walimpa nafasi ya mwimbaji anayepita baina ya maonyesho. Mtu wa klabu ya jazi iitwayo Royal Roost akamsikia. Mapema mwaka 1949 akapewa nafasi ya kuimba wakati wa mapumziko ya wanamuziki wakubwa, na usiku wa kwanza, alipotarajia piano peke yake, wanamuziki wale hawakwenda kupumzika. Walipanda mmoja mmoja nyuma yake: Tommy Potter na besi, Max Roach kwenye ngoma, na Charlie Parker mwenyewe na saksafoni. Mwanafunzi wa uigizaji ambaye hajawahi kuimba kwa malipo, na nyuma yake amesimama Parker! Mkataba wa wiki mbili ukawa wa miezi.

Hapa ndipo wengi wangetulia. Alikuwa na mavazi, mishahara, na nyimbo za mapenzi za kila mtu. Akaziacha. Alisema hazina mtu ndani yake. Kwa muda aliendesha mgahawa mdogo na wenzake huko Greenwich Village, na katika kipindi hicho akawa anakwenda Washington, kwenye Maktaba ya Bunge, kusikiliza kanda ambazo Alan Lomax na wenzake walizirekodi mashambani na magerezani. Naipenda sana picha hiyo: bwana mwenye sura ya kuuza magazeti, amekaa na visikilizio masikioni siku nzima, anasikiliza wafungwa wakipasua mawe. Alikuwa anakusanya wahusika. Aliporudi jukwaani, katika klabu ya Village Vanguard mwaka 1951, alikuja na gitaa la Millard Thomas, shati lililofunguliwa kifuani, suruali ya kubana, na kila wimbo ulikuwa na mtu wake.

Chukua ule wa ndizi, "Day-O", ambao hata asiyejua jina la Belafonte anaujua. Duniani umegeuzwa wimbo wa sherehe za watoto na mechi za mpira. Ukiusikiliza kama mchezo wa jukwaani, ni usiku kwenye bandari ya Jamaica. Watu wamebeba mikungu tangu magharibi, jua linakaribia kuchomoza, na hawawezi kwenda nyumbani mpaka karani wa kuhesabu apite na kuandika kazi ya kila mmoja. Msomaji aliyekulia karibu na Kilindini au gati la Lamu hahitaji kuelezwa. Makuli wana nyimbo zao, na kiongozi akichelewa kutoa sauti gunia linaongezeka uzito. Sasa sikiliza mwanzo wa rekodi ya mwaka 1956. Vyombo karibu havipo. Ni sauti moja inayonyoshwa, ya mtu anayeita kitu kilicho mbali bila kujua kama kinamsikia. Hauna furaha mwito ule, wala hauna huzuni. Una uchovu wa mtu ambaye bado ana nguvu za kubeba mkungu mmoja. Baadaye waitikiaji wanaingia na mdundo unashika, na watu wanaanza kucheza. Lakini yule bwana wa mwanzo hajaondoka, na ukimfuata mpaka mwisho utamkuta pale pale gatini, bado anangoja kuhesabiwa.

Santuri yenye wimbo huo, "Calypso", ilikaa kileleni mwa orodha ya Marekani kwa wiki 31, na hutajwa kuwa ya kwanza ya mwimbaji mmoja kuuza zaidi ya nakala milioni moja. Nyimbo nane kati ya kumi na moja ziliandikwa au kusukwa upya na Irving Burgie, mzaliwa wa Brooklyn mwenye mama wa Barbados, na hilo lisisahauliwe, maana mara nyingi husahauliwa. Watu wa Trinidad walikasirika, nao walikuwa na haki yao. Kalipso ni mali yao, ni ushairi wa kejeli na siasa, wenye mashindano na majina ya vita, na hapa anakuja Mjamaika wa Harlem na nyimbo za kazi za Jamaica, anaitwa mfalme wa kalipso. Yeye mwenyewe cheo hicho alikikataa, lakini kampuni ya santuri ilikuwa imeshalichapa jalada. Nikisikiliza kalipso ya wenyewe halafu nikarudi kwake, nasikia alichokiacha: ule ukali wa ulimi, ile dharau tamu. Alichokileta ni kingine. Alileta mtu mmoja mmoja, akamsimamisha kwenye mwanga.

Miaka miwili kabla ya santuri hiyo kulitokea jambo ambalo bado linanichekesha kwa uchungu. Mwaka 1954 Otto Preminger alitengeneza "Carmen Jones", opera ya Bizet iliyohamishiwa kwa Wamarekani Weusi, na Belafonte akawa Joe, askari anayepotezwa na mapenzi, mbele ya Dorothy Dandridge. Mwaka huo huo alikuwa amepokea tuzo ya Tony kwa onyesho la Broadway alilokuwa mmoja wa waimbaji wake. Na katika filamu hakuruhusiwa kuimba. Muziki ulidai sauti ya opera, kwa hiyo kila Joe anapofungua kinywa inatoka sauti ya LeVern Hutcherson, kama ambavyo Dandridge anaimbiwa na Marilyn Horne. Mwimbaji aliyekuwa akipanda kwa kasi kuliko wote anachezesha midomo kwa sauti ya mwenzake.

Nimeitazama filamu hiyo nikiwa nimezima sauti. Wajaribu wenzangu wafanye hivyo. Dandridge anawaka, yeye ndiye mwenye filamu, hakuna ubishi. Lakini mwangalie Joe anapoimbiwa. Pumzi anaivuta mahali hasa ambapo mwimbaji wa opera angeivuta, mbavu zinapanuka, mshipa wa shingo unasimama kwa wakati wake. Amejifunza kuwa mwili wa sauti isiyo yake. Mwenye kiburi angeifanya kazi hiyo kwa uvivu.

Kisha kuna filamu ya mwaka 1959, "The World, the Flesh and the Devil", ambayo wengi hawaitaji na mimi siachi kuitaja. Anacheza mkaguzi wa migodi aliyefukiwa ardhini Pennsylvania. Anapojichimbua anakuta watu wote wametoweka. Sehemu nzuri ya filamu ni ile ya mwanzo, yuko peke yake New York. Anachukua sanamu mbili za dukani, za kuvalisha nguo, mwanamume na mwanamke, anaishi nazo na kuzungumza nazo kama wageni wake. Ile ya mwanamume ina tabasamu lisilokatika. Siku moja tabasamu hilo linamchosha, anaikamata na kuitupa chini kutoka ghorofani. Angalia uso wake kabla hajaitupa. Ameanza kwa mzaha, kama anavyofanya na watazamaji wake wa ukumbini, anarusha neno na kungoja jibu. Hakuna jibu. Aliyezoea maelfu wamwitikie, hapa anaonyesha mtu akiita na asiitikiwe, na anafanya hivyo bila machozi, kwa kuchelewesha tu kufumba macho. Sehemu ya pili ya filamu, wanapoingia mwanamke na mwanamume Mzungu, inanywea. Waandishi waliogopa kufika walikokuwa wanaelekea, na yeye aliwalaumu kwa hilo.

Tuzo na mikataba nitaipita upesi. Alianzisha kampuni yake ya filamu, akatengeneza "Odds Against Tomorrow". Akakataa "Porgy and Bess" kwa kuona inawadhalilisha watu wake, Poitier akaichukua. Onyesho lake la televisheni la Desemba 1959 lilimpa tuzo ya Emmy, akiwa Mweusi wa kwanza kuipata, na mdhamini alipotaka baadaye Weusi na Weupe wasichanganywe kwenye kioo kimoja, alikunja virago. Kwa miaka ya sitini nzima hakuonekana kwenye sinema. Alikuwa na Martin Luther King, na alikuwa na dunia.

Dunia hiyo ilifika kwetu pia. Mwaka 1959, Tom Mboya alipokuwa akisaka nauli za vijana wa Kenya waliopata nafasi za masomo Marekani, barua ya kuomba michango ilitoka na saini tatu: Jackie Robinson wa besiboli, Sidney Poitier, na Harry Belafonte. Septemba hiyo ndege ya kwanza ikatua New York na wanafunzi 81. Mwaka huo huo alimpokea Miriam Makeba, akamsimamia, na mwaka 1965 wakatoa santuri yenye majina yao mawili, muziki ukiongozwa na Jonas Gwangwa. Karibu kila wimbo mmoja wao yuko peke yake. Wanakutana mara mbili tu, na moja kati ya mara hizo ni "Malaika".

Sisi tuliouchukua wimbo huo kwa Fadhili William, na tunaobishana hadi leo ni nani hasa aliyeutunga, tuna masikio makali juu yake. Kiswahili cha Belafonte ni cha mgeni. Irabu anazikanyaga sawa, mkazo unateleza hapa na pale. Lakini sikiliza anavyojiweka. Makeba ana sauti safi kama maji ya kisima, naye hamshindanii. Anakaa chini yake, anaupunguza ukwaruzo wake mpaka unakuwa kama pumzi. Wimbo huu ni wa kijana anayempenda binti na hana mali ya kumwoa. Ukiuimba kwa kifua kikubwa umeshauharibu, maana mwenye kifua kikubwa hivyo angepata mahari. Sijui nani alimweleza. Mjomba alisema hakuelezwa na mtu, fukara hutambuana. Santuri ile ilipata Grammy.

Agosti 1964 alipigiwa simu na vijana wa Mississippi waliokuwa wakiandikisha wapiga kura na kuishiwa pesa. Akakusanya dola 70,000 taslimu, akamchukua Poitier, wakaruka hadi Greenwood na pesa kwenye mkoba wa daktari, na njiani kutoka uwanjani magari ya watu wa Klan yakawaandama. Walipoingia ukumbini, watu wakilia na kushangilia, angeweza kusema neno lolote. Alianza na ule wimbo wa ndizi, ule mwito wa mwanzo, ila neno lake akaligeuza kuwa la uhuru, na ukumbi mzima ukajua la kufanya. Baada ya hapo ndipo akaumwaga mkoba mezani. Angalia mpangilio huo: kwanza mwito, halafu pesa. Angezitanguliza pesa angekuwa tajiri aliyekuja kutoa sadaka.

Koo lilizidi kukauka. Alikuwa amefanyiwa upasuaji kwenye nyuzi za sauti, na miaka ikaongeza yake. Robert Altman alilitambua hilo vizuri alipompa katika "Kansas City", mwaka 1996, nafasi ya jambazi aitwaye Seldom Seen, mtu anayezungumza na mateka wake muda mrefu, polepole, kwa ule ule ukwaruzo uliowahi kuuza mapenzi ya visiwani. Wahakiki wa New York walimpa tuzo. Nilipoiona mara ya kwanza niliogopa, kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu alikuwa anafanya kile kile cha "Matilda": anawangoja.

Mara ya mwisho kwenye sinema ni "BlacKkKlansman" ya Spike Lee, mwaka 2018, akiwa na miaka 91. Amekaa kitini, wanafunzi vijana wamemzunguka, wengine sakafuni miguuni pake. Anawahadithia kuhusu Jesse Washington, kijana wa miaka 17 aliyeuawa na umati huko Waco, Texas, mwaka 1916, na jinsi watu walivyopiga picha na kuziuza kama kadi za posta. Sauti imebaki nyembamba kama uzi. Haipandishi. Anapofika kwenye neno zito analitua, anaangalia mikono yake, anawaacha vijana wale wakae nalo. Mjomba hakuiona filamu hiyo, alifariki kabla. Ningemwita aje atazame pale tu, dakika ile mzee anapofunga mdomo na kamera ikageukia nyuso za wanaomsikiliza, na chumba kizima hakuna anayethubutu kukohoa.